Shubiri na Vidole Viwili

Bahasha haikunisumbua.
Bwana Rwechungura aliiweka juu ya boneti, kule Goba,
hatua chache kutoka jiwe la mpaka,
akaikandamiza kwa funguo isipeperushwe,
akasema: penye udhia penyeza rupia.
Mita moja na nusu tu, Mpima.
Kichochoro chenyewe hiki kinaelekea wapi?

Kwa Bi Sikujua, nikamjibu, anayeuza barafu za ubuyu.
Jeneza lake nalo litapita hapa, siku ikifika.
Nikakunja miguu mitatu ya chombo,
nikamrudishia funguo na kilicho chini yake.
Chande, msaidizi wangu, alicheka mpaka Makongo:
umemnyoosha, bosi!
Nami nikajiona nimenyooka kama uzi wa timazi.

Usiku ndipo nilipopimwa mimi.

Umeme umekatika. Kwa tochi ya simu
natafuta daftari la uwandani la Kinyerezi,
kuna kiwanja cha jirani natakiwa nikiunganishe.
Mwandiko wangu, penseli, miaka tisa iliyopita,
ukurasa una doa la mvua ya masika.
Daftari linasema: arobaini na saba nukta tatu sita.
Ramani inasema: arobaini na saba nukta sita tatu.

Tatu sita.
Sita tatu.
Nikatandaza mkono mezani, gizani:
shubiri moja, na vidole viwili.

Sikula cha mtu. Nilinakili mbiombio tu
nikiwahi Amana, mke wangu kashikwa na uchungu.
Mtoto yule yuko darasa la tatu sasa,
tarakimu anazisoma vizuri kuliko babaye.
Na ile shubiri nayo ilikua. Iliota ukuta:
tofali za nchi sita, chupa zilizopasuliwa kwa juu,
wa Mama Ndesanjo, aliyejenga kwa haki
palipoonyeshwa na karatasi.
Upande wa pili Mzee Shomvi alirudi nyuma, akang'oa michongoma yake,
kwa kuwa karatasi ina mhuri,
na mhuri una jina langu.

Kanuni za Bodi nimewafundisha vijana.
Ile ya usipokee naikariri hata usingizini.
Ile ya ukikosea useme
imepigwa chapa kwa herufi zilezile,
sikujua kuwa ina meno.

Nani atajua, bosi? Chande, kwenye simu.
Jiwe halina mdomo.
Kweli halina.
Ndiyo maana nikapewa leseni, niwe mdomo wake.

Nikapiga hesabu: kuvunja, kujenga upya,
bima isiyotosha, kikao cha nidhamu,
na Rwechungura atakavyocheka akisikia.
Nikaandika barua. "Marekebisho madogo."
Nikafuta.
"Tofauti ya vyombo vya upimaji."
Chombo gani? Kilikuwa kipya, maskini, kilisema kweli.
Nikafuta.
Nikaandika: Nilikosea.
Neno moja tu, na wote tumo ndani:
mimi, siku ile, na kosa.

Asubuhi nilipitia posta kwanza,
nakala ya Bodi nikaitumbukiza kabla moyo haujageuka.
Kisha Kinyerezi. Kwa Mama Ndesanjo geti lilikuwa na kufuli,
nikashukuru, nikaona aibu kwa kushukuru.
Kwa Mzee Shomvi mbwa alibweka muda mrefu.

Alifungua akiwa na kanzu ya kulalia,
akanitambua, miaka yote hiyo.
Mpima! Umesahau nini huku?
Nikafungua mdomo, kauli haikutoka.
Nikanyanyua mkono, nikautandaza
kati ya uso wake na wangu.

Hakuelewa. Akadhani namsalimu.
Ingia, akasema, chai ipo.

Neno hilo lilinishtua, kwa kazi yetu.
Kisha nikaona ameshika birika.
Baadaye, Mzee, nikasema.
Nisikilize kwanza.